Kozi za Daraja

Barua ya kukubaliwa ilikuja na sharti:
kwa kuwa shahada yako ya kwanza ni ya ujenzi,
na sasa waomba uzamili wa umeme,
utasoma kwanza kozi tatu za daraja.
Nikacheka peke yangu kwenye foleni ya mkopo wa sacco,
mimi niliyemwaga zege la vivuko vinne
kutoka Ngara hadi Kasarani,
leo naambiwa nijengewe daraja nivuke.

Fundi Wambasi hakucheka.
Alikuwa akikwangua saruji iliyoganda kwenye mwiko,
akasema bila kuniangalia:
"Injinia Kavata, mchagua jembe si mkulima."
Mjomba, kwenye simu kutoka Mwingi, akatumia ile nyingine,
ya mwacha asili,
kana kwamba nilizaliwa na kokoto mkononi.

Kwenye usaili Daktari Nyaberi alivua miwani.
"Miaka saba ya saruji. Umeme unautakia nini?"
Nilikuwa nimeandaa jibu refu, lenye neno mustakabali.
Likanipotea.
Nikasema: kivuko changu kinatetemeka.
Watu wakitoka kazini kinatetemeka,
si kwa ubaya, hesabu zangu ziko sawa,
ila kinasema kitu na mimi sina masikio.
Nataka kukitia masikio.
Akavaa miwani. Akaandika neno moja tu.

Sasa ni Jumanne, darasa la jioni,
buti zangu zina vumbi la Kahawa
na Jerotich, miaka ishirini na mitatu,
ananifundisha kushika chuma cha kulehemu.
"Polepole, dada. Si nondo hiyo."
Kweli si nondo.
Nilizoea tani, na lori likirudi nyuma kwa king'ora;
hapa wanapima kitu chembamba kuliko mnong'ono,
maikrovolti,
ukipumua vibaya kimekwenda.

Mtihani wa kwanza: kumi na moja kwa thelathini.
Niliukunja, nikauficha ndani ya helmeti.
Ilikuwa siku ya ishirini na nane tangu masomo yaanze,
na siku ya ishirini na nane, kila mjenzi anajua,
ndiyo ya kuuponda mchemraba wa zege
kuona kama umeshika.
Mimi sikushika.
Lakini sijawahi kumwona mtu akiitukana saruji changa.
Huwa tunaimwagia maji, tunaifunika gunia,
tunakwenda zetu kula.

Wiki ya saba Nyaberi akachora ubaoni
koili, kapasita, resista,
akaandika mlinganyo chini yake,
nami nikajikuta nimesimama.
Namjua huyu!
Ni uzito huyu, ni springi, ni kile kizuizi cha mtikiso,
ni kivuko changu chenyewe
kimebadili kanga tu.
Darasa zima likanigeukia.
Jerotich akanivuta mkono wa sweta: keti.

Usiku ule nilipanda ngazi za kivuko cha Ngara,
ngazi nilizozihesabu kwenye karatasi
kabla hazijawa ngazi,
nikaweka kiganja kwenye chuma cha kushikilia.
Muuza mayai ya kuchemsha akaniuliza nimepoteza nini.
Nikamwambia, nasikiliza.
Akanitazama kidogo, akaweka chake pia.
"Hii? Hii huvuma kila siku," akasema.
"Saa moja ndiyo huzidi. Ijumaa hata ndoo yangu hulia."
Nikatoa daftari, nikaandika: saa moja. Ijumaa. Ndoo.
Nikanunua yai, lenye kachumbari, pilipili kidogo.

Simu ikatikisika mfukoni. Mama:
majirani wanauliza, siku hizi wewe ni injinia wa nini?
Nikala yai langu lote,
chini yangu chuma kikivuma,
sijamjibu bado.